Mkono wa Kushoto wa Roboti

Mikono yangu bado haijapata habari kwamba nimestaafu. Nikienda kwa jirani kunywa chai, hata kikombe hakijapoa utanikuta nimefungua kifuniko cha chupa yake, nakizungusha, nakisikiliza, namwambia mpira wa ndani umechoka. Jirani ananinyang'anya. "Mama Feza, acha bintu bya bantu!" Nacheka, namrudishia, na baada ya muda kidogo nimeshashika redio yake. Mkinialika nyumbani kwenu, vijana wangu, ficheni kila kitu chenye skrubu.

Kazi yangu ilikuwa kujaribu vitu. Niliuza pia, na nilitengeneza pia, lakini mshahara niliupata kwa kujaribu. Duka letu lilikuwa la jumla, hapa Nchelenge, karibu na pale boti za Kisiwa cha Kilwa zinapopakia. Nikiwasimulia, mnatazamana na kukonyezana. Kazi gani hiyo, mtu analipwa kuwasha tochi na kuizima? Ndiyo hiyo. Nimesomesha watoto kwa kuwasha tochi na kuizima.

Mliokulia bara hamwezi kujua, kwa hiyo niwaeleze. Kilwa, hii ya ziwani na si ile ya pwani, hakuna daraja. Mtu wa kisiwani akinunua taa, akifika kwake ikagoma kuwaka, nauli ya kuirudisha ni kubwa kuliko taa yenyewe, na ziwa likichafuka hata hiyo nauli haimsaidii. Ndiyo maana kukawa na desturi ambayo kila muuzaji wa ufukweni anaijua: kitu kinachokwenda kisiwani hakifungwi mpaka kifunguliwe, kikamilishwe, kionekane kinafanya kazi. Redio iseme. Beseni lijazwe maji. Dumu lijazwe, lilazwe chini, mtu asimame juu yake. Baiskeli ifungwe magurudumu na mtu aipande mpaka kwenye mizani ya samaki na kurudi. Mwanasesere anayelia, alizwe. Wenye boti walikuwa wakikuta boksi limefungwa gundi ya kiwandani wanakataa kulipakia, wanauliza, "Mama Feza alilifungua?" Kama sikulifungua, linabaki ufukweni.

Aliyenifundisha alikuwa Ba Ngosa, mzee kutoka Puta aliyekuwa akitunza stoo kabla yangu. Yule mzee alipima kwa masikio. Alikuwa akifumba macho, anagonga sufuria kwa ukucha, na anakuambia wapi limepigwa jembamba. Lakini alikuwa mkaidi kupita kiasi. Siku moja ilikuja katoni ya miavuli, na mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha. Ba Ngosa akatoka nje, akafungua mwavuli mmoja, akasimama chini ya mfereji wa paa, akaufunga, akachukua mwingine. Katoni nzima. Miavuli mingi ilikuwa mibovu, na yeye akaugua mafua mpaka sauti ikapotea. Nikamuuliza, "Ba Ngosa, si ungetumia ndoo ya maji?" Akaninong'oneza kwa hasira, "Ndoo haina upepo."

Nilimpenda sana. Mimi nilikuja upande huu wa mpaka kutoka Pweto na mama yangu wakati wa vita, nikalima mihogo kwenye makazi ya wakimbizi, kisha nikaanza kuja Nchelenge kununua mabeseni ya kuuza. Kila beseni nililotaka kununua nilikuwa naligeuza na kulipanda kwa miguu yote miwili. Mwenye duka, ambaye sisi wote tulimwita Patron, alikasirika. "Huyu mama anaonesha wateja wangu ubovu!" Ba Ngosa akamjibu kwamba badala ya kunifukuza anilipe, maana miguu yake mwenyewe ilikuwa imezeeka. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Sasa niwaambie habari ya roboti, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara, na kila anayewasimulia anaiharibu.

Kulikuwa na kijana wa Kilwa anaitwa Kalaba, ambaye alikuwa ameondoka kisiwani kwenda kufanya kazi ya mgodi kule Kolwezi. Mkewe alifariki, akamwacha binti mchanga, Chisha, mikononi mwa bibi yake mzaa baba. Kalaba akaenda kutafuta maisha. Alituma alichopata, sitamsema vibaya, lakini yeye mwenyewe hakuja. Binti akakua, akaanza shule, baba akiwa ni sauti ya kwenye simu.

Basi siku moja mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi akatuletea boksi. Akasema, "Hii ni ya Kalaba, mutu wa Kilwa. Anasema muichunge. Yeye mwenyewe atakuya kuibeba, ni ya mutoto wake." Hakutuambia neno jingine. Patron akalitazama boksi, akasikia neno Kilwa, akalisukuma mbele yangu. "Jaribu."

Juu ya boksi palikuwa na picha ya roboti nyekundu na nyeupe, imesimama imetanua miguu, na pembeni gari la zimamoto. Mishale ilionesha kwamba roboti ndiyo hilo gari, na gari ndilo roboti. Nikafungua. Ndani hapakuwa na roboti wala gari. Palikuwa na fremu za plastiki, na vipande vidogo vidogo vimening'inia humo kama chisense, dagaa wa hapa, kwenye kichanja. Na karatasi ya picha, maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma.

Patron akashika kichwa. "Awe, Mama Feza! Hii ilivunjika yote!"

Mwenye boti aliyekuwa akingoja mzigo akachungulia. "Kule Lubumbashi banamuuzia bipande! Masikini ya Mungu, ule kijana."

Mimi nikaitazama karatasi, nikaona namba, nikaona kila fremu ina herufi, nikaelewa kwamba kitu kile kilitoka kiwandani hivyo ili mtu akijenge mwenyewe. Nikawaambia. Patron akafikiri kidogo, kisha akasema kile ambacho kila mtu wa ufukwe huu angesema. "Sawa. Kijenge. Tutajua namna gani kama kinatembea?"

Nani angebisha? Baiskeli nayo huja vipande.

Nitawaambia jinsi ya kupima kitu kama kile, maana mnanunua hivi vitu siku hizi na mnalia baadaye. Kwanza, nusa. Plastiki nzuri hainuki sana. Ile mbovu inanuka kama kandambili iliyoachwa juani. Hii ilinuka kidogo, nikaipa alama ya katikati. Pili, inua kila fremu kwenye mwanga utafute kipande ambacho hakikujaa, chenye ncha ya mviringo mahali palipotakiwa kuwa na kona. Hapo plastiki iliishia njiani. Sikukiona hata kimoja. Tatu, usivunje kipande kutoka kwenye fremu kwa vidole. Kata kwa mbali kwanza, halafu kata kwa karibu. Mimi nilitumia kikata kucha cha Patron, na alikitafuta sana. Ukivunja kwa vidole, plastiki inabaki na doa jeupe kama kovu, na kovu hilo haliondoki.

Halafu unaanza na kiuno. Watu wanakimbilia kichwa kwa sababu kina macho na ndicho kinachopendeza, lakini kichwa hakibebi kitu. Kitu kinachojigeuza kinafia kiunoni, maana hapo ndipo kinapojikunja kila mara. Nikajenga kiuno na miguu, nikakunja, nikakunjua, nikasikiliza. Kijino kiliingia kwenye tundu lake kwa sauti safi, tak. Nikafurahi peke yangu kama mwehu.

Mkitaka hukumu yangu, hii hapa. Kama roboti, kilikuwa kizuri kweli. Kilisimama kwa mguu mmoja juu ya kaunta wakati lori la samaki linapita nje na kaunta yote inatetemeka. Mabega yalizunguka, vidole vilishika kijiti cha kiberiti, ngazi ya zimamoto ilikaa mgongoni bila kulegea. Kama gari, kilikuwa aibu. Ukikigeuza, mikono ya roboti inabaki chini ya gari, inaburuta. Magurudumu ya nyuma hayagusi chini vizuri. Bawaba ya kifua inabana, na ukilazimisha utaipasua. Lazima ukunje miguu kwanza, ndipo kifua, ndipo kichwa kiingie ndani. Ile karatasi ilikosea mpangilio huo, au mimi nilikosea kuielewa. Vitu vingi vinavyotaka kuwa viwili nimeviona: tochi yenye redio, kitanda chenye kabati. Kimoja kati ya viwili huwa kinachechemea.

Nilipomaliza, Patron alikiweka juu ya kabati la kioo. Watu wakaja. Akina mama wanaouza samaki wakaacha samaki. "Geuza tena, Mama Feza!" Nageuza. "Rudisha!" Narudisha. Patron akarekodi kwa simu, akatuma kwa kila mtu, wateja wakaja kutoka Kashikishi kutazama tu, na wengine wakanunua sabuni kwa aibu. Kilijaribiwa kuliko kitu chochote kilichowahi kupita dukani kwetu. Mpaka kiuno kikaanza kulegea.

Na Kalaba akaja.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amebeba begi moja mgongoni. Alisalimia kwa heshima, "Habari ya kazi, mama," akauliza boksi lake. Patron, meno yote nje, akanyoosha kidole kwenye kabati, akamwita Baba Chisha kwa lugha ya kwao. "Iko pale, Bashi Chisha! Tulishamaliza yote. Unabeba tu!"

Nilimwona akitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisogea, akagusa mguu wa roboti, akauliza taratibu, "Mulishaijenga?"

"Yote," Patron akasema. "Inajigeuza muzuri sana."

Kijana akaketi juu ya gunia la chumvi. Nikamuuliza, "Bashi Chisha, kuna nini?"

"Mama, hapana kosa yenu," akasema. "Mi nayua desturi ya hapa. Nilisahau kuwaambia, njo ile tu." Akafuta uso kwa mkono. "Ule mutoto hanizoee. Nikipiga simu, anapatia nkambo, bibi yake, simu. Nikisema Chisha, habari ya masomo, anasema muzuri, anaenda. Na mi sina maneno mingi, mama. Kule tunakaa chini ya udongo, ni kelele ya mashini tu. Nikawaza: tutakaa chini sisi wawili, tutajenga pamoja. Mikono ikiwa na kazi, pengine kinywa nacho kitafunguka." Akakitazama tena. "Sasa nitafika na kintu ilishaisha. Nitamupa, atasema asante, atatoka inje kucheza. Na mi nitabaki namutazama nkambo."

Vijana wangu, nimeona vitu vingi vikiharibika mbele yangu. Nimeona taa za watu zikizama na boti. Sikuwahi kusikia moyo ukinichoma vile. Tulikuwa tumefanya kazi yetu vizuri kabisa, na kwa kuifanya vizuri tukala chakula cha mtu.

Patron naye aliumia, ila yeye huumia kwa namna yake. "Tumupatie mupira," akasema. "Mupira muzuri, ya ngozi."

Nikamwambia anyamaze. Nikamuuliza Kalaba boti yake inaondoka saa ngapi. Akasema wanapakia sasa hivi. Nikaitoa roboti juu ya kabati, nikailaza kwenye kitambaa, nikasema, "Keti hapo. Naibomoa."

Kubomoa ni kugumu kuliko kujenga, hilo mlijue. Vijino vile vimetengenezwa viingie, havikutengenezwa vitoke. Ukivuta kwa nguvu, kijino kinabaki ndani ya tundu na kazi imekwisha. Nikaomba maji ya moto, nikayachanganya na baridi mpaka mkono ukavumilia, nikaitumbukiza roboti kwenye beseni. Plastiki ikipata joto inalainika kidogo, inakubali. Halafu nikachukua uzi wa nyavu, ule mwembamba wa nailoni, nikaupitisha kwenye mshono wa kifua, nikavuta huku na huku polepole mpaka mshono ukafunguka bila mkwaruzo. Bisibisi ingeacha alama. Uzi hauachi.

Nje mwenye boti akaanza kuita. "Kilwa! Kilwa! Tunaenda!" Patron akatoka kumzuia, nikamsikia akimsimulia habari ndefu ya mjomba wake, isiyo na kichwa wala miguu. Uzi ukanikata kidole. Mimi, niliyejaribu viwembe bila kujikata! Kalaba alikuwa ameinama karibu yangu, anapokea kila kipande na kukipangusa maji kwa shati lake.

Kiuno kilichokuwa kimelegea nilikitengeneza kwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, niliyoazima kwa binti wa saluni ya mlango wa pili. Unapaka kijino tabaka jembamba, unapuliza, kinanenepa kidogo, kinabana tena. Hata nyinyi mnaweza kufanya hivyo. Stika ya kifuani tu ndiyo iliyonishinda. Ilikuwa imeshabandikwa, nikaiacha.

Fremu zilikuwa zimeshatupwa, kwa hiyo vipande havikuwa na namba tena. Nikavipanga juu ya kitambaa, nikishika karatasi ya picha, nikitazama picha na kipande, picha na kipande. Kichwa kwenye kifuko chake. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Kifua na kiuno. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Vilikuwa vile vifuko vya nailoni tunavyofungia chumvi ya rejareja. Nilipofunga cha mwisho, kitambaa kilikuwa kitupu na karatasi yote imetimia. Nikaweka kila kitu kwenye boksi. Kalaba akalishika kwa mikono miwili, akasema, "Natotela, mama. Asante sana," akakimbia kwenye boti, na mwenye boti akamtukana kidogo kwa ajili ya utaratibu.

Baada ya hapo sikutulia. Sijui mmewahi kuwa hivyo, unakaa kwenye kiti na kiti kinakusukuma. Kila boti ya kutoka Kilwa ilipofika, nilikuwa na sababu ya kwenda ufukweni. Mara nanunua samaki, mara natazama kama mvua inakuja. Patron akaniambia samaki nilionunua wamezidi friji. Nikawauliza watu wa kisiwani, "Kalaba vipi? Yule wa roboti?" Mmoja akasema amemwona akichota maji. Mwingine akasema mtoto bado hamsemeshi, anamzunguka tu kama kuku. Mama mmoja akasema amewakuta wote wawili wamelala kifudifudi sakafuni, vichwa pamoja, kipande kimoja cha plastiki kimeanguka kwenye ufa, na Chisha anamwelekeza baba yake kwa kijiti. "Anasema?" nikauliza. "Mutoto anasema?" Yule mama akanishangaa. "Mama Feza, mi nilienda kuomba moto. Sikukaa."

Nilitaka kupanda boti niende mwenyewe. Nilishafika hadi kwenye maji. Kisha nikajiambia, wewe mwanamke, umeshaingia kwenye jambo la watu mara moja, inatosha. Nikarudi dukani nikajaribu pasi ambazo nilikuwa nimeshazijaribu.

Halafu siku moja, asubuhi, Kalaba akatokea mlangoni. Begi mgongoni, viatu vya safari. Likizo yake ilikuwa imekwisha, anakwenda stendi kutafuta basi la kumrudisha upande wa mgodini. Uso wake ulikuwa umepumzika kuliko nilivyouacha, lakini macho hayakutulia.

"Nimepita kuaga, mama," akasema. "Na kuuliza kintu kimoja. Pengine kilibaki hapa? Mukono ya kushoto ya roboti. Haiko."

Damu ilinipanda. Miaka yote ile dukani, hakuna mtu wa Kilwa aliyewahi kuja kuniambia nimemtumia kitu pungufu. Patron akainua macho kutoka kwenye simu. Mimi nikaanza kusogeza maboksi, nikapiga magoti nikachungulia chini ya kaunta, nikatoa vumbi, kipande cha sabuni, na kile kikata kucha. Mkono haukuwapo. Haungeweza kuwapo. Kichwani niliona waziwazi kitambaa changu kitupu cha siku ile.

Nikasimama, nikajipangusa magoti. "Bashi Chisha, hebu nieleze vizuri. Vifuko vyote ulivifungua?"

"Vyote. Kila siku kifuko kimoja, ili tusimalize haraka. Ule wa mukono ya kushoto tulifungua, mi niliuona na macho yangu. Tulijenga mpaka bega. Kesho yake, haiko."

"Na siku hiyo, kabla hamjalala, mlizungumza nini?"

Akafikiri. "Hapana kintu. Nilimwambia tu likizo iko karibu kuisha. Nikasema, Chisha, tukimaliza ule mukono, roboti itakuwa kamili, na mi nitarudi ku kazi."

"Mliutafuta?"

"Sana, mama! Mi na mama yangu. Chini ya kitanda, mu majivu, mu unga. Tulitikisa hata mikeka."

"Na Chisha alitafuta?"

Hapo akasita. "Apana. Yeye aliikala ku mulango. Alikuwa anatuangalia."

"Hakusema neno?"

"Alisema." Kijana akainamisha kichwa, na sauti yake ikawa ndogo. "Alisema, 'Tata, haiyaisha bado.' Na leo ku boti akasema tena vile vile. 'Tata, haiyaisha bado.'"

"Alikuita Tata? Baba?"

"Njo mara ya kwanza," akasema.

Nilimtazama yule mtu mrefu, mchimba mawe, amesimama dukani kwetu na begi lake, haelewi. Nikaogopa kwamba basi litaita na ataondoka hivyo hivyo, na huko aendako ataendelea kufikiri kwamba kuna kipande kilipotea. Angenunua kingine Lubumbashi, angekituma. Nilimshika mkono kwa nguvu, naye akashtuka.

"Nisikilize," nikasema. "Mimi sijawahi kutuma Kilwa kitu chenye upungufu. Roboti ile ilitoka hapa kamili. Mkono huo haukubaki dukani, na haukuanguka kwenye majivu. Mkono huo upo, umefichwa mahali pazuri sana, na aliyeuficha anajua kabisa alipouweka."

Akanitazama. Nikaona jambo likimwingia polepole, kutoka machoni kwenda chini, mpaka begi likamteleza begani na akaliacha lianguke. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Patron akageuka akaanza kupanga makopo ya maziwa yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Nje, stendi, kondakta alikuwa anaita abiria. Na upande wa pili, kwenye maji, mwenye boti alikuwa anaita, "Kilwa!"

"Na kazi, mama?" akaniuliza kutoka nyuma ya mikono yake. "Banaweza kunifukuza."

Mgodi siujui, na sikutaka kumdanganya. "Wanaweza," nikamwambia.

Akaokota begi. Akasimama mlangoni muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, nami nikawa nazungusha kifuniko cha chupa mkononi, nazungusha, nazungusha. Kisha akatoka, na hakuelekea stendi. Alitembea kwanza, halafu akakimbia, begi likimpiga mgongoni, na mwenye boti akampa mkono akamvuta ndani.

Nikatoka mbio mpaka ukingoni, maji yakaniingia viatuni, nikapaza sauti ili mlio wa injini usinishinde:

"Bashi Chisha! Usiutafute!"